Masikio kwanza, kalamu baadaye

Hotuba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili mjini Guangzhou

Shikamooni wazee wangu. Kina baba na kina mama wenzangu, habari za jioni. Nawashukuru mlionialika, na nawashukuru zaidi mliofunga maduka mapema, maana najua saa hizi ndizo za kufunga mizigo na kumkimbiza wakala wa kontena.

Nimeombwa nizungumzie mtoto wetu wa chekechea. Analala na kuamka katika nyumba ya Kiswahili, iwe cha Dar es Salaam, cha Mombasa, cha Lubumbashi au cha Bujumbura, halafu siku moja ya Septemba anaingia darasa la kwanza la shule ya Kichina. Atafikaje pale akiwa na lugha ya kumtosha? Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na jibu langu nalitoa mapema: tumpe masikio na mdomo kwanza, kalamu ije baadaye, na Kiswahili kisitoke nyumbani. Yote nitakayosema jioni hii yanatoka hapo.

Tuanze na kalenda, maana wengi wetu inatukuta tumelala. Sheria ya elimu ya lazima ya China inamtaka mtoto aliyetimiza miaka 6 aanze shule ya msingi. Mwaka wa shule unaanza tarehe 1 Septemba, kwa hiyo shule inatazama kama mtoto ametimiza miaka 6 kufikia tarehe 31 Agosti. Kabla ya hapo kuna miaka mitatu ya chekechea: xiaoban, darasa la wadogo, zhongban, la kati, na daban, la wakubwa. Mzazi anayekuja kuniuliza kuhusu Kichina mtoto akiwa daban anakuja na hofu, na hofu humpeleka haraka kwa mtu anayemwahidi herufi mia tano kwa likizo moja ya kiangazi.

Mnajua kwamba masomo ya namna hiyo yamekatazwa. Mwaka 2021 serikali ya China ilipiga marufuku vituo vya masomo ya ziada kuwafundisha watoto wa chekechea masomo ya shule, hata kwa jina la darasa la maandalizi. Na sheria ya elimu ya awali iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2025 inaikataza chekechea yenyewe kufundisha mtaala wa shule ya msingi. Nasikia wazazi wakinung'unika: mbona chekechea wanacheza tu? Ndugu zangu, pale wanapocheza ndipo Kichina kinapoingia. Mtoto anayegombania ndoo mchangani na mwenzake anajifunza zamu, ruhusa, lawama na kuomba msamaha, vyote kwa lugha ambayo hakuna daftari litakalompa. Tuna methali tunayoipenda, samaki mkunje angali mbichi, na wengine tunaitumia kumkalisha mtoto wa miaka minne mezani na penseli hadi saa tatu usiku. Mimi nasema methali ile inahusu tabia. Vidole vya miaka minne havijakomaa kwa kazi hiyo, na mtoto aliyelia juu ya daftari kabla ya shule huingia darasani akiwa tayari amekichukia Kichina.

Sasa tazameni darasa la kwanza lenyewe linadai nini. Viwango vya mtaala wa Kichina vilivyotolewa mwaka 2022 vinasema kwamba mtoto akimaliza darasa la pili awe anazitambua herufi zipatazo 1,600, na katika hizo awe anaweza kuandika zipatazo 800. Sikilizeni vizuri: wenyewe wametenganisha kutambua na kuandika, na za kuandika ni nusu tu. Hata hivyo mzigo ni mkubwa. Mtoto wa Kichina anaubebaje?

Anaubeba kwa sababu neno lenyewe tayari analo. Kitabu cha darasa la kwanza kinafungua kwa herufi nyepesi: 天, tian, mbingu; 地, di, ardhi; 人, ren, mtu. Mtoto wa jirani yako amekuwa akiyasikia na kuyatamka maneno hayo tangu ana miaka miwili. Kwake kazi iliyobaki ni moja tu, kulifunga umbo jipya na neno la zamani. Mtoto wetu asiyekuwa na Kichina cha mdomo anapewa kazi tatu kwa pamoja: sauti ngeni, maana ngeni na umbo geni. Mwalimu ana watoto arobaini mbele yake, hatamngoja. Ndiyo maana nasisitiza masikio. Mtoto anayejua kwa kusikia majina ya vitu vya jikoni, vya barabarani, vya mwili, vya hali ya hewa, na vitendo kama kuvuta, kukunja, kuchagua, kusahau, huyo amemaliza theluthi mbili za kazi kabla ya kengele ya kwanza kulia, hata kama hajui kuandika herufi moja.

Na sauti za Kichina zinataka kusikika mapema. Kiswahili hakina toni. Sisi mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi, na tukipandisha sauti tunauliza swali. Kichina sanifu, Putonghua, kina toni nne na nyingine nyepesi isiyo na mkazo. Mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana. Mtu mzima aliyekuja hapa na miaka thelathini anahesabu toni kichwani kabla ya kufungua mdomo. Mtoto wa miaka mitatu hahesabu chochote, anaimba tu kama alivyoimbiwa. Halafu kuna b na p, d na t, g na k. Katika Kichina tofauti yao ni pumzi: weka kiganja mbele ya mdomo, p ya Kichina inakipuliza, b haikipulizi. Hapa wenzetu wa Mombasa na Lamu wana bahati, maana Kiswahili chao bado kinatenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyohiyo. Sisi wa kwingine inabidi tuyafundishe masikio upya.

Kwa sababu hiyo nina ombi kuhusu pinyin. Huu ni mfumo wa kuandika sauti za Kichina kwa herufi za Kilatini, uliopitishwa na Bunge la China mwezi Februari 1958, na watoto wote wanausoma katika muhula wa kwanza: sauti 23 za mwanzo, 24 za mwisho, na silabi 16 za kusomwa zikiwa nzima. Kwa vile zinafanana na abjadi yetu, mzazi anadhani hapa ndipo anapoweza kusaidia. Anamsomea mtoto q kama anavyoijua yeye, c kama anavyoijua yeye, e kama e ya embe. Zote tatu siyo. Mtoto anaingia shule na sauti za kufuta kwanza. Mwachieni mwalimu pinyin. Kama mtoto ana hamu, mpeni kalamu ya kusoma, zile wanazoziita diandubi, unagusa picha kitabuni na kalamu inatamka. Sauti ni ya mzungumzaji wa kweli na haichoki kurudia.

Hapa Guangzhou kuna jambo jingine. Bibi wa chini ghorofani na muuza samaki wanazungumza Kikantoni, shule inafundisha Putonghua. Wazazi wananiuliza kama wamzuie mtoto asimsikilize bibi. La, msimzuie. Toni za Kikantoni ni nyingi zaidi na maneno mengi ya kila siku ni tofauti, lakini mtoto hutambua upesi kwamba bibi ana lugha yake na mwalimu ana yake, sawa na watoto wetu wanaojua bibi wa kijijini anazungumziwa kwa lugha gani. Hakikisheni tu saa za Putonghua zinatosha, na kwamba kuna mtu mzima mmoja, yaya, jirani au mwalimu, anayezungumza naye Putonghua kila siku, uso kwa uso. Runinga haihesabiki katika hilo. Runinga haimngoji mtoto ajibu.

Yapo pia maeneo ambamo mtoto wa Kiswahili anaingia Kichina akiwa na mtaji, na wazazi wengi hawalijui hilo. Chukueni ukoo. Mchina hasemi tu mjomba kwa kila mwanamume. Kaka wa mama ni jiujiu, na kwetu huyo ndiye mjomba hasa. Dada wa baba ni gugu, ndiye shangazi. Kaka mkubwa wa baba ni bobo, mdogo wake ni shushu, na sisi tuna baba mkubwa na baba mdogo. Mtoto aliyelelewa akijua nani ni shangazi na nani ni mama mdogo haoni ajabu yoyote hapo. Chukueni pia hesabu: kumi na moja ni shiyi, kumi-moja, hakuna jina jipya la kukariri. Na chukueni kuhesabu vitu. Mchina hasemi vitabu vitatu kwa kutaja namba na kitu peke yake. Katikati anaweka neno linalotegemea aina ya kitu: ben kwa vitabu, zhang kwa karatasi na meza, tiao kwa samaki, suruali na barabara. Mgeni wa kutoka lugha nyingine hulalamika sana. Mtoto wetu anayesema vitabu vitatu, watoto watatu, miti mitatu bila kukosea amekwisha zoea kwamba kila kitu kina kundi lake na hesabu inalifuata kundi. Mfanyieni mchezo sokoni: yeye ataje kitu, muuzaji amjibu kwa neno lake la kuhesabia. Wauzaji wa hapa wanawapenda watoto, watacheza naye.

Sasa nyumbani. Nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Zungumzeni Kiswahili. Kichina chetu wengi ni cha biashara: bei gani, punguza, kontena linaondoka lini. Ni kizuri kwa kazi yake, lakini ni lugha ya maneno mia chache na toni za kubahatisha, na baba anayeamua kuwa nyumba nzima izungumze hicho anamnyima mtoto lugha mbili kwa mkupuo. Mtoto anahitaji mtu wa kumweleza kwa nini mwezi unamfuata akitembea, kwa nini mdogo wake analia, sungura alimdanganyaje fisi. Hayo unayaweza kwa lugha yako tu. Ukimwita usiku, paukwa, naye akajibu pakawa, ukamsimulia hadithi yenye mwanzo, shida na mwisho, unamjengea kichwani mpango wa masimulizi. Kesho mwalimu akimwonyesha picha nne na kumwambia asimulie kilichotokea, ustadi wa kupanga atauchukua kwenye Kiswahili na maneno atayachukua kwenye Kichina. Vitendawili navyo vina kazi hiyohiyo, maana vinamfundisha kutazama kitu kwa tabia zake.

Singapore inatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Kule watu wengi wana asili ya Kichina, na kila mtoto wa asili hiyo anasoma Kichina shuleni kama lugha ya mama. Lakini masomo mengine karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na nyumba nazo zikahamia huko. Sensa ya 2010 ilionyesha asilimia 32.3 ya wakazi wa miaka mitano na zaidi wakitumia Kiingereza zaidi nyumbani. Kufikia sensa ya 2020 wamekuwa asilimia 48.3, na Kichina sanifu kimeshuka kutoka 35.6 hadi 29.9. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore, aliyesimamia sera ya lugha mbili kwa miongo mingi, alianzisha mwaka 2011 mfuko wa lugha mbili unaowalenga hasa watoto wa umri wa chekechea. Wameona wapi pengo linaanzia. Leo wako mababu na mabibi wa Kichina kule wanaozungumza na wajukuu zao kwa shida. Kama lugha ya mabilioni ya pesa, yenye shule, vitabu na runinga, inaweza kupungua nyumbani kwa kukosa saa za mazungumzo, Kiswahili cha mtoto wetu hapa Guangzhou kitalindwa na nani kama si mimi na wewe?

Kuna hofu mbili nataka nizitoe. Ya kwanza ni mtoto kunyamaza. Anaanza xiaoban, na miezi inapita hasemi neno darasani. Mara nyingi huyo anasikiliza. Anaweza kukaa hivyo miezi kadhaa, halafu siku moja akasema sentensi nzima. Kinachonipa wasiwasi ni mtoto asiyezungumza inavyostahili hata Kiswahili nyumbani, au asiyeonekana kusikia ukimwita kwa nyuma. Huyo apelekwe kupimwa masikio na kuonwa na daktari, na msikubali kuambiwa kwamba lugha mbili ndizo zilizomchelewesha, kwa sababu lugha mbili hazisababishi ulemavu wa usemi. Hofu ya pili ni kuchanganya. Mtoto anasema, mama nipe shui. Kachukua neno lililokuwa karibu. Mjibu, haya, chukua maji, na mwendelee.

Na herufi je, tuziache kabisa? Hapana. Zimetuzunguka, tuzitumie zilipo. Wengi wenu mnashuka kituo cha treni cha Xiaobei. Jina lake ni herufi mbili, 小北, ya kwanza ina mistari mitatu, nayo ni ndogo. Ya pili ina mistari mitano, nayo ni kaskazini. Mtoto anayepita hapo kila siku anaweza kuijua 小 kabla ya kujua kwamba anasoma. Ataiona tena kwenye menyu ya tambi, bakuli 小 na bakuli 大, na hapo njaa yenyewe itamfundisha kubwa. Kuna 出口, pa kutokea, na 口 ni mdomo, ulio wazi kabisa. Kuna 山, mlima wenye vilele vitatu. Kuna 木, mti. Miti miwili ni 林, na mitatu ni 森, na ukiziweka pamoja unapata msitu. Mtoto anacheka akiona hilo. Baadaye atagundua kwamba herufi nyingi zina kipande kinachodokeza maana na kingine kinachodokeza sauti: katika 妈, mama, upande wa kushoto ni mwanamke na wa kulia ni ma yule wa farasi. Msimfundishe hayo kama somo. Mwonyesheni, mpite, kesho mwulizeni yeye.

Mkono nao una maandalizi yake. Udongo wa kufinyanga, unga wa chapati, mkasi, kufunga vifungo, kushika vijiti vya kulia, kuchora mistari ya kulala na ya kusimama kwa chaki. Darasani ataandika ndani ya kisanduku kilichogawanywa mara nne, tianzige, na kila herufi ina mpangilio wa mistari: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Mkono wenye nguvu hujifunza mpangilio kwa siku chache. Herufi pekee ambazo ningependa aweze kuziandika kabla ya shule ni za jina lake. Wengi mtampa mtoto jina la Kichina, kwa kuwa walimu na watoto wenzake watamwita hilo. Chagueni na mtu anayekijua Kichina vizuri, lenye maana nzuri na mistari michache. Atakuwa analiandika kwenye kila karatasi wakati wenzake wamekwisha anza swali la kwanza.

Halafu yapo maneno ya kuokoa maisha. Mtoto anaweza kujua rangi zote na wanyama wote akakwama kwa kukosa haya: simama, kaa, panga foleni, nyoosha mkono, fungua ukurasa, nataka kwenda chooni, tumbo linauma, amenichukulia kitu changu. Zaidi ya yote ajue kusema ting bu dong, sijaelewa, na laoshi, qing zai shuo yi bian, mwalimu, tafadhali sema tena. Nimewaona watoto wenye Kichina kidogo wakipanda haraka kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na wenye Kichina kingi wakidhaniwa wazembe kwa kuogopa kuuliza. Fanyeni igizo nyumbani: baba awe mwanafunzi, mtoto awe mwalimu. Atakurekebisha toni, na atafurahi sana.

Mwisho ni kwetu sisi wazazi. Shule itawasiliana nanyi kupitia kundi la WeChat la darasa, na matangazo yote ni kwa Kichina. Kwa utaratibu wa tangu 2021, darasa la kwanza na la pili halipewi kazi za kuandika za nyumbani, lakini mwalimu ataagiza mtoto asome kwa sauti. Msinyamaze kwa aibu. Tafsirini kwa simu, na mkishindwa mpigieni mwenzenu hata saa nne usiku. Wiki ya kwanza ya Septemba mwendeeni mwalimu, ana kwa ana, mmwambie mambo matatu: nyumbani tunazungumza Kiswahili, mtoto anaelewa kiasi hiki, na tungeomba akae mbele. Kama Kichina hakitoshi, nendeni na mtu. Watano kati yenu mliokaa mbele hapa watoto wenu wako darasa la tatu na la nne tayari, na wamekubali kuwasindikiza wanaoanza mwaka huu. Namba zao zitawekwa kwenye kundi letu usiku huu.

Nakaribisha maswali. Wenye watoto wanaoingia shule Septemba hii waanze.